Yule Asiyeweza Kusema "Ninajua"

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Wamormoni hufunga. Fedha ambayo wangeitumia kwa chakula cha siku hiyo huitoa kuwasaidia wahitaji, na ibada yao haina mhubiri aliyepangwa. Mimbari huachwa wazi. Anayesukumwa moyoni husimama, hupita mbele na kutoa ushuhuda wake: mzee, kijana, mama wa nyumbani, hata mtoto mdogo ambaye mzazi wake humnong'oneza maneno sikioni. Neno linalorudiwa kuliko yote ni moja: ninajua. Ninajua kwamba Mungu yupo. Ninajua kwamba kanisa hili ni la kweli. Hawasemi "natumaini" wala "nasadiki." Wanasema "ninajua."

Katika chuo cha theolojia ninakofundisha, somo la makanisa yaliyozaliwa Marekani katika karne ya 19 huwa ni somo la kuchekacheka. Wanafunzi huona mambo ya Wamormoni ni ya ajabu na ya mbali. Lakini mwaka mmoja, nilipokuwa naeleza ibada hiyo ya ushuhuda, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mchungaji, na yule aliyekaa kwenye benchi asiyeweza kusema hivyo, yeye anafanya nini?" Darasa likanyamaza. Kila mmoja wetu alikuwa amewahi kukaa kwenye benchi hilo, ingawa kanisa lilikuwa jingine.

Nimelifuata swali hilo kwa miaka kadhaa, na limenipeleka kwa watu ambao kwao ni zito kuliko kwa wengine: Wamormoni wanaovutiwa na watu wa jinsia yao. Nawaomba washarika wenzangu wavumilie tuwasikilize kidogo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na huko kwao nimeona jambo kuhusu imani ambalo linatuhusu sisi pia.

Kwanza tujue kwamba kanisa lao, ambalo jina lake rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianza na swali. Kwa masimulizi yao, mwaka 1820, katika jimbo la New York, kijana wa miaka 14 aitwaye Joseph Smith alichanganyikiwa kwa sababu kila dhehebu lilidai kuwa na ukweli. Akasoma Yakobo 1:5, pale mtume anapomwambia aliyepungukiwa na hekima aombe kwa Mungu. Akaenda msituni kuomba. Mwaka 1830 kanisa likaanzishwa, na mwaka huohuo Kitabu cha Mormoni kikachapishwa. Mwisho wa kitabu hicho msomaji anaagizwa asikubali tu kwa kuambiwa, bali amwulize Mungu mwenyewe kama mambo hayo ni ya kweli. Mahali pengine humo imani inafananishwa na mbegu: hata kama mtu hana zaidi ya kutamani tu kuamini, aipande mbegu hiyo aone kama itaota.

Sisi Walutheri hatukipokei kitabu hicho kuwa Neno la Mungu. Lakini tukubali kwamba mlango wa kanisa hilo ulifunguliwa na mtu aliyekuwa hajui. Tatizo ni kwamba mlangoni unaruhusiwa kuuliza, na ukishaingia ndani unatarajiwa kujua. Yakobo mwenyewe anaweza kusomwa hivyo, kwa sababu mstari wa 6 unaofuata unamfananisha mwenye shaka na wimbi la bahari linalosukumwa na upepo. Mtu anaweza kukaa maisha yake yote kati ya mistari hiyo miwili. Mmoja unamwambia uliza, mwingine unamwambia usiyumbe.

Sasa mfikirie kijana wa Utah aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Alibatizwa akiwa na miaka minane. Kila mtu anatarajia kwamba atakwenda misheni miaka miwili, kisha atarudi aoe hekaluni. Kwa Wamormoni ndoa ya hekaluni haiishii kaburini. Mume na mke huunganishwa kwa ajili ya umilele, na ndoa hiyo ni sharti la kufikia daraja la juu kabisa la uzima ujao. Kwa hiyo kijana anayegundua, labda akiwa na miaka 13, kwamba moyo wake hauelekei kwa wasichana, ana hofu mbili. Anaogopa atakavyoonekana mtaani, na anaogopa kuachwa nje ya familia yake milele. Viongozi hufundisha kwamba mwaminifu ambaye hakupata ndoa hapa duniani hatanyimwa baraka hiyo baada ya kifo. Lakini ni faraja gani kwa kijana kuambiwa kwamba atatengenezwa akishakufa?

Kwa miaka mingi kijana kama huyo alipewa ahadi: ukifunga, ukiomba, ukitumika kwa uaminifu, hali hii itaondoka. Kitabu cha Spencer W. Kimball cha mwaka 1969, kilichosomwa sana na Wamormoni, kilifundisha kwamba hali hiyo inatibika. Katika miaka ya 1970, kwenye Chuo Kikuu cha Brigham Young mjini Provo, wapo wanaume waliopigwa shoti za umeme huku wakionyeshwa picha, ili miili yao ijifunze kuchukia ilichokitamani. Wengine walishauriwa waoe tu, hali ingebadilika ndani ya ndoa.

Habari inayojulikana zaidi ni ya mwandishi Carol Lynn Pearson na mumewe Gerald. Walioana hekaluni mwaka 1966, na Gerald hakuwa amemficha mkewe historia yake. Wote wawili waliamini kwamba ndoa ingemaliza jambo hilo. Walizaa watoto wanne. Halikwisha. Mwaka 1978 waliachana. Gerald alipougua UKIMWI, wakati ambapo wengi waliogopa hata kuwagusa wagonjwa wa namna hiyo, Carol Lynn alimrudisha nyumbani kwake akamwuguza mpaka alipofariki mwaka 1984. Miaka miwili baadaye alichapisha kitabu kuhusu maisha yao. Hakuliacha kanisa lake. Alibaki ndani, akiwa na maswali yake mkononi, na familia nyingi zilizokuwa zimefunga vinywa zilianza kumwandikia.

Tuangalie kwa makini shaka linavyofanya kazi hapa, maana si la aina moja. Shaka la kwanza mtu hulielekeza kwake mwenyewe. Niliahidiwa kwamba nikiomba kwa imani nitabadilika. Nimeomba miaka kumi. Sijabadilika. Basi sikuomba kwa imani. Mtu huyu hufunga zaidi, hujichunguza zaidi, hujichukia zaidi. Hili huonekana kama unyenyekevu, na ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu halina mwisho. Hakuna siku mtu atakayojua kwamba ameomba vya kutosha.

Shaka la pili humgeukia Mungu. Kama nilifanya yote na hakujibu, basi ama hayupo, ama yupo na amenikataa. Wengi wameondoka kwa mlango huo, na walipoliacha kanisa walimwacha na Kristo, kwa kuwa walifundishwa tangu utoto kwamba hao wawili hawatenganishwi. Wapo pia waliokata tamaa ya kuishi. Wazazi wa Kimormoni wameizika mikono yao wenyewe ilichowazaa, na hilo si jambo la kulisimulia kwa haraka.

Shaka la tatu huuliza swali jingine: je, waliponipa ile ahadi, Mungu ndiye aliyeahidi? Linaliuliza bila kumshtaki Mungu wala kujilaani mwenyewe. Linatenganisha sauti ya Bwana na sauti ya wanaosema kwa niaba yake. Kwa nje linafanana na uasi, lakini mara nyingi ndilo lililowarudisha watu kwenye maombi, kwa sababu hatimaye walikuwa na Mungu wa kumwendea.

Historia ya kanisa lao inawapa sababu ya kuuliza hivyo, na msomaji Mwafrika ataielewa haraka. Tangu katikati ya karne ya 19 wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani wa Kimormoni, na weusi, wake kwa waume, walizuiwa kushiriki ibada kuu za hekaluni. Walifundishwa kwamba ni mapenzi ya Mungu, na zikatolewa sababu za kidini. Mweusi aliyelitilia shaka fundisho hilo alionekana ana imani haba. Juni 1978 Rais wa kanisa, Spencer W. Kimball yuleyule, alitangaza kwamba zuio limeondolewa kwa ufunuo. Mwaka 2013 kanisa likazikana hadharani zile sababu za zamani. Sasa niulize: kabla ya 1978, ni nani aliyekuwa karibu zaidi na ukweli, aliyesema "ninajua" au aliyesema "sina hakika"?

Jambo linalofanana na hilo limetokea katika siku zetu. Mwaka 2012 kanisa hilo lilisema wazi kwamba watu hawachagui kuvutiwa na jinsia yao, ingawa fundisho lake kuhusu matendo halikubadilika. Kisha Novemba 2015 ikatolewa kanuni kwamba walioingia katika ndoa ya jinsia moja wahesabiwe waasi wa imani, na watoto wanaoishi nao wasibarikiwe wala kubatizwa mpaka wafikishe miaka 18. Januari 2016 Russell M. Nelson, aliyekuwa kiongozi wa mitume wao kumi na wawili, alieleza kwamba uamuzi huo ulitoka kwa Bwana. Aprili 2019, yeye akiwa sasa Rais wa kanisa, kanuni hiyo iliondolewa. Ndoa ya namna hiyo bado inahesabiwa kosa kubwa kwao, lakini si uasi wa imani tena, na watoto wakafunguliwa mlango. Wengi walishukuru. Lakini walikuwepo waliojiuliza wafanye nini na ile miaka mitatu na miezi kadhaa ambayo waliambiwa wasitie shaka.

Siyasemi haya ili tuwacheke. Nyumba yetu nayo ina makovu. Mwaka 1543 Martin Luther aliandika kitabu kikali sana dhidi ya Wayahudi, na karne nyingi zilipita kabla Walutheri hawajaona aibu. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani liliyakataa maneno hayo hadharani. Mlutheri aliyeyatilia shaka maandiko hayo ya Luther zamani hakuwa adui wa Injili. Alikuwa anaitetea.

Oktoba 2013, katika mkutano mkuu wa Wamormoni, kiongozi wao Dieter F. Uchtdorf aliwashauri wenye maswali wayatilie shaka kwanza mashaka yao kabla hawajaitilia shaka imani yao. Ushauri huo umependwa na wengi, na kuna waliouona mzigo mwingine juu ya mizigo waliyonayo. Mimi nauona ni mzuri ukielekezwa mahali pake. Lipo shaka moja ambalo kila mtu anapaswa kulitilia shaka kabla ya mengine yote, nalo ni lile linalomnong'oneza usiku kwamba Mungu amemchoka. Hilo ndilo la kupingwa. Lakini kumwambia mtu ayapinge maswali yake yote, pamoja na lile linalouliza kama kweli Mungu anamchukia, ni kumpokonya kamba aliyoishika kisimani.

Wapo waliochagua kubaki. Tangu mwaka 1977 kumekuwa na chama kiitwacho Affirmation, kilichoanzishwa na Wamormoni wa hali hiyo ili wasibebe mambo haya kila mtu peke yake. Kati yao wapo waliooa wanawake na wanashikilia ndoa zao, wapo waliochagua useja, wapo walioingia katika uhusiano na wakatengwa na kanisa, na kati ya waliotengwa wapo wanaoendelea kuja ibadani na kukaa nyuma. Hawakubaliani wao kwa wao. Kinachonigusa ni kwamba wengi wao wamelibadilisha lile neno. Anapofika mimbarini, asiyeweza kusema "ninajua" hutafuta neno lingine la kweli: natumaini, natamani, bado nasubiri. Kwa sikio la haraka ushuhuda huo ni mdogo. Kwangu mimi ni ushuhuda wa mtu ambaye hana tena faida yoyote ya kudanganya.

Hapa ndipo Katekisimo Ndogo inapotusaidia. Kila aliyepitia kipaimara amekariri maelezo ya Luther kuhusu sehemu ya tatu ya Imani, pale anapokiri kwamba kwa akili na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Yesu Kristo wala kumjia, bali Roho Mtakatifu ndiye anayemwita. Tumeyakariri tukiwa vijana na wengi wetu hatujayafikiria tena. Kumbe yanasema jambo kubwa: hata kuamini kwangu si kazi ya mikono yangu. Kama imani ingekuwa jengo langu, kila shaka lingekuwa ufa. Lakini ikiwa ni Mungu aliyenishika, basi siku mkono wangu ukilegea, wake haulegei. Luther mwenyewe alipita vipindi virefu vya mapambano ya rohoni, hasa mwaka 1527, na baadaye alifundisha kwamba mwanatheolojia hutengenezwa kwa sala, kwa kutafakari Neno, na kwa majaribu. Majaribu hayo, pamoja na usiku wa mashaka, aliyaweka katika mafunzo yenyewe.

Nimeliona hili usharikani. Mama mmoja alimzika mtoto wake, na baada ya hapo hakuweza kutamka Imani ya Mitume. Akifika "Namwamini Mungu Baba Mwenyezi," mdomo unafunga. Alinijia ofisini akasema, "Baba Mchungaji, nadhani niache kuja, maana nitakuwa nasema uongo mbele za Mungu." Nikamwambia, "Mama, njoo. Sisi tutaisema, wewe simama tu katikati yetu. Ukipata nguvu ya kusema neno moja, sema hilo moja." Alisimama kimya karibu mwaka mzima. Hakuna aliyemwuliza. Leo anaisema yote, ila ananiambia kwamba zipo Jumapili ambazo bado anaegemea sauti za wenzake.

Shaka la mama huyu lilitoka kaburini, na la kijana wa Utah linatoka kwingine. Sitaki kuyafanya kuwa kitu kimoja. Ila benchi ni lilelile, na swali ni lilelile: je, kusanyiko hili linaweza kunibeba wakati siwezi kusema linachosema?

Najua msomaji atauliza kuhusu msimamo wa kanisa letu. Maaskofu wa KKKT walitoa Tamko la Dodoma mwaka 2010, likakataa ndoa za jinsia moja, na insha hii si mahali pa kulijadili. Ninachouliza kinakuja kabla na baada ya tamko lolote. Mtoto wa mshirika mwenzako akimjia mama yake na neno hili, au akija kwako, utamfanyia nini kesho asubuhi? Tamko linaeleza kanisa linafundisha nini kuhusu ndoa. Halimruhusu mtu yeyote kumfukuza kijana nyumbani, kumtangaza kwenye vikundi vya simu, kumpeleka kwa anayeahidi kumponya kwa kipigo, au kumwambia kwamba Mungu amemfuta. Wamormoni wameyapitia mengi ya hayo kwa miaka 50, na wazazi wao wengi leo wanasema kwamba kama wangepewa nafasi ya pili wangesikiliza kwanza.

Kwa hiyo nayaomba mambo matatu kwenu washarika. Tusiwape watu ahadi ambazo Mungu hakuzitoa. Tusiseme "omba na jambo hili litaondoka" kama hatuna Neno linaloahidi hivyo. Ahadi yetu ikishindwa, mtu hatatulaumu sisi, atamlaumu Mungu au atajilaumu yeye. Pili, mtu akikuletea shaka lake, usiharakishe kulijibu. Amekuamini kwa kitu ambacho hajawahi kukionyesha kwa mtu, nawe kipokee kwa mikono miwili. Tatu, tusiligeuze kanisa kuwa mahali pa wanaojua peke yao. Katika Mathayo 28:17, wanafunzi walipomwona Bwana aliyefufuka juu ya mlima walimsujudia, na baadhi yao waliona shaka. Mwinjili hakulificha hilo. Naye Bwana hakuwatenga wenye shaka upande mmoja, bali aliwatuma wote pamoja ulimwenguni.

Yuda katika waraka wake mfupi, mstari wa 22, anaagiza wenye shaka waonewe huruma. Hajataja ni shaka gani wala la nani. Jumapili ijayo, wakati wa Imani ya Mitume, huenda jirani yako kwenye benchi akawa kimya. Usimgeukie kumtazama. Itamke kwa sauti ya kumtosha na yeye.